Viatu vya Pedeli

Enzi zile kwetu Arusha, aliyependa mbio za baiskeli alivaa raba. Pedeli ilikuwa na kishikio cha chuma mbele na mkanda wa ngozi; ukishaingiza mguu, unauvuta mkanda mpaka vidole vinakufa ganzi. Ukitaka kusimama, shurti uiname kwanza uulegeze. Soli ya raba ni laini, inapinda juu ya chuma, na hadi tufike Moshi, kilomita 80 hivi, nyayo zilikuwa zinawaka moto. Tulidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Kumbe Ulaya walikwisha kuipa mikanda kisogo. Mwaka 1985 Bernard Hinault alishinda Tour de France akikanyaga pedeli za Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vishikio vya viatu vya kutelezea thelujini. Chini ya kiatu kuna kipande cha plastiki, kliti, kinachonasa kwenye pedeli na kuachia ukizungusha kisigino kwa nje.

Sisi viatu hivyo tulivipata mitumbani. Pale Memorial, Moshi, vilikuwa vimechanganywa na viatu vya mpira, na wauzaji wenyewe hawakujua ni vya nini: soli ngumu kama ubao, chini ina matundu matatu. Bei ikawa ya kutupa. Lakini mtumbani unachukua kilichopo. Vingi vilikuwa vyembamba mbele, na mguu uliokulia peku umetanuka. Kidole kidogo ndicho kilichoumia. Vingine vilikaa mno stoo huko vilikotoka, soli ikabanduka njiani, na fundi viatu akaishona kwa uzi wa nailoni. Ule mshono ulidumu kuliko gundi ya kiwandani!

Siku hizi nanunua vipya, na huenda dukani jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za mchana. Nasimama juu ya karatasi, nachora unyayo, napima upana kabla ya kuuliza namba. Soli ya kaboni siitamani. Ni kweli haipindi, lakini kwa mtu anayeshuka kunywa chai Usa River, kiatu bora ni kile cha matundu mawili, mtindo ulioletwa na Shimano mwaka 1990: kliti ni ya chuma, ndogo, imezama ndani ya soli, na unatembea kama watu wengine. Zile kubwa za plastiki huliwa na lami upesi.

Baiskeli yangu ya mashindano bado ina pedeli za hizo kliti za plastiki. Nafunga za njano za Shimano, zinazoacha mguu ucheze digrii 6, kwa kuwa nyekundu hazichezi kabisa na magoti yangu hayazitaki. Kabla ya kufungua ya zamani huizungushia mstari wa kalamu kwenye soli, ili mpya ikae palepale. Ikisogea milimita chache tu, goti linajua. Kiatu chenyewe nakibadilisha pale kisigino kinapoanza kunyanyuka ndani wakati wa kupanda mlima, hata kama juu bado kinang'aa.