Wapagazi wa Harufu

Msafiri atokaye Bagamoyo kwenda Msata hupita Kiwangwa, na msimu wa mananasi pua yake humpasha habari kabla ya macho. Watu husema kwamba harufu huletwa na upepo. Ni kweli, lakini upepo hukomea mlangoni. Ndani ya pua pana ute, na sehemu kubwa ya ute ni maji. Harufu nyingi zina tabia ya mafuta, wala hazipatani na maji. Nani basi huzivusha?

Katika ute huo mna protini zitolewazo na tezi za pua. Kila moja ina uvungu mdogo katikati yake, ukataao maji na kupokea vitu vya jamii ya mafuta. Hudhaniwa kuwa harufu huingia humo ikachukuliwa mpaka kwenye ncha za mishipa ya fahamu. Kazi hii haikosi mfano Bagamoyo, mji ambao wapagazi wa karne ya 19 walitua pembe za ndovu walizozichukua kutoka bara.

Protini za namna hii zilitangazwa mwaka 1981, katika vipapasio vya nondo dume. Mbu anazo pia, na hapo habari hii huacha kuwa ya matunda. Mbu jike aenezaye malaria humtafuta mtoto aliyelala kwa harufu ya pumzi na jasho lake. Mwaka 2010 ilielezwa kwamba mbu waliopunguziwa protini iitwayo OBP1, vipapasio vyao vilidhoofika katika kuitikia indoli, mojawapo ya harufu za jasho la mwanadamu.

Ushahidi wa kinyume upo, wala haufai kufunikwa: mwaka 2016 ilionekana kwamba nzi wa matunda walionyimwa protini mojawapo ya jamii hii waliendelea kunusa bila kupungukiwa. Huenda basi si wote walio wapagazi. Wengine labda ni mabawabu, wapunguzao harufu iliyozidi.

Kwa Bagamoyo swali hili si la anasa. Tangu mwaka 2006 watoto wa wilaya hiyo walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S, kwa uangalizi wa Taasisi ya Afya Ifakara. Chanjo hufanya kazi mbu akisha kuuma. Kizibo cha uvungu kingemkabili kabla hajafika kitandani. Tena kizibo si ndoto tupu: mwaka 2011 DEET, dawa ya kujipaka ya siku nyingi, ilionekana imekaa ndani ya OBP1, mahali pale pale pa kupokelea harufu.