Mchanga wa Kipili

Sisi tuliozaliwa juu ya uwanda wa Ufipa tulilelewa na upepo na baridi, wala hatukulelewa na maji. Utotoni mwetu tulijua kulima matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ambamo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea. Tulijua kuchunga ng'ombe katika mbuga zisizo na miti. Tulijua kuota moto mwezi wa Juni, wakati meno yanapogongana kwa baridi ya alfajiri. Lakini Ziwa Tanganyika, ambalo ndilo mpaka wa mkoa wetu upande wa magharibi, tulilijua kwa harufu ya dagaa tu. Mzee wetu alikuwa akishuka bondeni na mzigo wa ulezi na maharage, akarudi baada ya siku kadhaa na gunia la dagaa wakavu. Tulipomwuliza ziwa lina sura gani, alijibu kwa neno moja: "Kubwa." Yeye hakuwahi kuingia majini hata kufikia magoti, wala hakutaka sisi tuingie.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kukiri kosa. Katika ujana wetu wa utumishi, tuliagizwa kuandaa maelezo mafupi juu ya mandhari ya mkoa. Tuliyaandika tukiwa tumeketi mezani mjini Sumbawanga, mbele yetu ramani na kikombe cha chai. Tulipofika mahali paitwapo Kipili, tuliandika kwamba pana "ufukwe mtupu wenye mchanga mwororo, unaongoja watu." Mwaka huo huo tukatunga na shairi la kulisifu ziwa. Vina vilikaa sawa, mizani ikatimia, na wenzetu wakatupongeza. Hakuna aliyetuuliza kama tumewahi kulowesha nyayo zetu katika maji hayo. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi tulihesabu wingi wake kwa kalamu.

Miaka mingi ilipita. Hatimaye, katika likizo moja ya katikati ya mwaka, mjukuu wetu wa kike mwenye umri wa miaka tisa alitaka kujua kwa nini babu yake ana shairi la ziwa lakini hana hata hadithi moja ya ziwa. Tukakosa jibu. Basi tukamchukua yeye, kaka yake na bibi yao, tukasafiri.

Njia yetu ilipita Chala na Namanyere, kisha ikaanza kuteremka. Sumbawanga imeinuka kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko kiasi cha meta 770. Kwa hiyo msafiri hushuka zaidi ya meta 1,000. Nguo za baridi zilivuliwa moja baada ya nyingine. Miti ya miombo ilianza kutuzunguka, joto likapanda, na ghafla, baada ya kona moja, ziwa likajitandaza mbele yetu. Watoto walinyamaza. Sisi nasi tulinyamaza, tukakumbuka jibu la mzee wetu, tukaona kwamba hakukosea.

Hili ni ziwa la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal huko Urusi. Kina chake hufikia meta 1,470, na urefu wake ni karibu kilometa 670. Nchi nne hulimiliki kwa pamoja: Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma juu yake kwa nguvu, na mawimbi huinuka mithili ya bahari. Lakini mbele ya Kipili vimo visiwa, navyo huyakinga maji ya pwani kama ukuta wa ua unavyoukinga uwanja wa nyumba. Huko nje tuliona povu jeupe. Hapa ndani maji yalilamba mchanga taratibu. Tulijiambia kwamba hapa ni mahali pa familia na watoto.

Asubuhi iliyofuata wajukuu walikimbilia mchangani. Hawakufika mbali. Sauti ya mama mmoja mzee iliwasimamisha: "Wanangu, mnakanyaga chakula!" Ndipo tulipotazama vema. Mchanga wote tuliodhani kuwa mtupu ulikuwa umetandazwa dagaa, maelfu kwa maelfu, wakimetameta kama sarafu mpya.

Tulimwendea kwa haya. "Shikamoo, mama," tukasema. "Tuwie radhi. Tulidhani hapa hapana kitu."

"Marahaba, baba," akajibu, bila ya hasira. "Wageni wengi hudhani hivyo. Lakini hapana kitu kwa nani? Huu mchanga ndio shamba letu."

Maneno hayo yalituchoma kuliko alivyojua yeye aliyeyasema, maana yalijibu maandishi yetu ya ujanani neno kwa neno. Tuliketi chini ya mwembe, tukamwomba atufundishe. Naye, pasipo kuacha kuwageuza dagaa wake, akatufundisha.

Alitueleza kwamba wavuvi hutoka jioni na kurudi alfajiri. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga, kwa sababu hufuata taa na kukusanyika chini yake. Wazee wa zamani waliwasha mienge ya kuni ndani ya mitumbwi. Baadaye zikaja karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Mbalamwezi inapokuwa pevu, uvuvi hupumzika, kwani mwanga wa mwezi huzishinda taa za binadamu. Ndiyo maana kalenda ya pwani hii hufuata mwezi. Samaki wakishafika nchi kavu, kazi huwa ya akina mama: kutandaza, kugeuza, kufukuza ndege, kuchagua na kufunga magunia. Jua likiwa kali, siku moja hutosha. Mvua ikinyesha kabla ya saa ya kuanua, jasho la usiku mzima huoza.

Tulimwuliza kuhusu bandari. Akacheka, akauonyesha mchanga ule ule. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza safari tena mwaka 1927, ilitia nanga sehemu hizi kwa miaka mingi, na watu wakaiendea kwa mitumbwi wakiwa na mizigo yao. Jina lake ni jina ambalo watu wa kusi ya ziwa waliliita ziwa lenyewe. Hivyo mchanga huo ulikuwa shamba, ukawa soko, ukawa na gati.

Saa sita dagaa wa upande mmoja walianuliwa, na mama yule akawaita wajukuu wetu. "Sasa chezeni," akawaambia. Akamwita na mjukuu wake mwenyewe, kijana wa miaka kama 12, awaonyeshe mahali pa kuogea. Kijana huyo aliwapitisha mbali na matete, akawaonyesha jiwe moja: ng'ambo ya jiwe hilo, alisema, mtu hakanyagi chini tena.

Hapa yafaa msomaji ajue kwamba maji matulivu nayo yana madhara yake. Konokono waletao kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na mamba hawakosekani katika ziwa hili. Mwenyeji hujua wapi pa kuoga na wapi pa kuogopa. Mgeni asiyeuliza huingia gizani mchana.

Mjukuu wetu wa kike alijifunza kuelea siku hiyo. Alipofanikiwa, aligeuka akatuita: "Babu, na wewe njoo!" Watu waliokuwapo ufukweni walitutazama. Tulikuwa na mvi, tulikuwa na cheo, na hatukujua kuogelea. Tulikunja suruali, kisha tukaona kwamba kukunja hakutoshi. Tukaingia mpaka kifuani. Mwili ulitetemeka, si kwa baridi. Yule kijana akatushika mgongo kwa viganja viwili, akasema: "Babu, usishindane na maji. Lala juu yake." Tulilala kwa muda wa pumzi tatu, pengine nne, kisha tukazama, tukasimama tukikohoa. Bibi wa watoto alicheka hata akafuta machozi. Lakini katika pumzi hizo tatu tulijifunza juu ya ziwa jambo ambalo beti zetu zote hazikuwa nalo.

Wako wasemao kwamba kwenda ufukweni na familia ni desturi ya wageni. Ni kweli kwamba huko Ulaya watu wa miji husafiri kila kiangazi hadi fukwe za bahari ya Adriatiki, wakiwatafutia watoto wao ghuba zenye maji mapole. Lakini hata kwetu, siku za Idi na za Krismasi, familia za Dar es Salaam hufurika Coco, na watoto wa Unguja hucheza majini kila jua linapopunga. Kupumzika pamoja kando ya maji si ugeni. Ugeni ni kufika mahali na kudhani kwamba hapakuwa na mtu mpaka tulipofika sisi.

Wala kuogelea si anasa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya Watanzania wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba kila mmoja angeokoka kama angejua kuogelea. Lakini taifa lenye maziwa makuu matatu mipakani mwake na bahari upande wa mashariki halina udhuru wa kuwalea watoto wake katika hofu ya maji, kama mzee wetu alivyotulea sisi kwa upendo na kwa kutojua. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa shule za uwandani, iwapo wana njia ya kufanya hivyo, wawashushe wanafunzi wao hadi ziwani. Wawafundishe kwanza kumsalimu mwenyeji, kisha kuuliza pa kukanyaga, kisha kuuliza pa kuogea. Mwanafunzi aliyefanya hayo matatu amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya utamaduni wetu.

Nasi tunalo deni. Karatasi ile ya zamani hatujui iliko, wala hatuwezi kuirudisha. Shairi letu tumelifuta, na jipya bado halijaja. Lakini hapa tunaandika sahihisho: ufukwe wa Kipili si mtupu. Asubuhi ni wa dagaa, mchana ni wa watoto, na usiku, taa zinapowashwa majini moja baada ya nyingine, ni wa wale wanaovua chakula tunachokila Sumbawanga.