Ukuta unalia, wewe unaupaka rangi!

Kama baba yako ana nyumba yenye marumaru na geti linalojifungua lenyewe, wiki hii waweza kuiruka safu hii ukasome nyota zako. Hii ni yetu sisi wa vyumba vya kupanga, na ya wale walioanza kununua tofali moja moja kule Chanika na Kivule.

Ninapokaa ni Hananasif, Kinondoni, upande unaoteremkia bonde la Msimbazi. Nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani. Siku dalali aliponipeleka, Februari 2024, chumba kilikuwa kinanukia rangi mbichi, bluu ya kupendeza. Nikasema hapa hapa! Nikalipa kodi ya miezi sita, shilingi 360,000, na ya dalali juu yake. Jamani, rangi mbichi! Leo nikiingia chumba cha kupangisha nikakuta kinanuka rangi, kwanza nauliza wameficha nini.

Masika yakaanza, yale yaliyoleta mafuriko mpaka Rufiji. Chini ya dirisha, karibu na kitanda, rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua kwa uji. Ukiigusa inapasuka, ndani unakuta unga mweupe. Ukiulamba (nimeulamba, mnijue dada yenu) una chumvi. Nyuma ya kabati kukatokea madoa meusi, utadhani mtu kakung'uta kalamu ya wino. Viatu vyangu vya kutokea vikaota manyoya ya kijani. Na harufu ni ile ya gunia lililosahauliwa mvuani.

Viatu ningevisamehe. Naishi na mdogo wangu wa kike, wakati ule yuko kidato cha pili. Bi mkubwa wetu yuko Lindi, akanikabidhi mwanawe asome. Ana pumu tangu utotoni, lakini kule nyumbani ilikuwa ikimshika mara moja moja. Hapa mjini ikawa kila siku, saa tisa za usiku. Naamshwa na kifua chake kinapiga filimbi, namkuta ameketi kitandani, mikono kwenye magoti, anaitafuta pumzi. Mimi nikawa namgombeza! Unaoga maji ya baridi usiku, unakula barafu shuleni. Masikini mtoto wa watu, kumbe tumemlaza kando ya ukuta unaomtesa. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2009 kwamba wanaokaa kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wako kwenye hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na kupata pumu.

Bi mkubwa hakungoja mwongozo. Aliisikia ile filimbi kwenye simu mara moja tu. "Mwanangu huyo nirudishie. Kusoma atasoma huku huku." Nilijua shule ikishakatika katikati, kuiunga ni kazi. Nikamwomba anipe mpaka Desemba.

Basi nikafanya wanachofanya watu wote: rangi. Nikakwangua, nikanunua ndoo ya lita nne, nikapaka mwenyewe huku redio inaimba. Wiki sita, uvimbe ukarudi pale pale. Mshikaji mmoja wa kijiweni, fundi wa kubahatisha, akaniambia tatizo ni lipu, ibanduliwe, apige nyingine yenye simenti nyingi "mpaka maji yaombe radhi". Nikamtoa 45,000. Kweli ukuta ukawa mgumu kama jiwe, na unyevu ukatokeza juu ya ile lipu mpya, usawa wa kiuno changu. Yaani nimelipa pesa zangu kuyapandisha maji ghorofani! Mjini shule.

Ndipo jirani wa chumba cha tatu akamleta baba yake mdogo, fundi mwashi wa siku nyingi. Shikamoo mzee, marahaba binti. Nilidhani ataugonga ukuta kama wenzake. Hata hakuuangalia. Alitoka nje, akaizunguka nyumba, akachuchumaa kichochoroni nyuma ya dirisha langu, halafu akaniita. "Sakafu ya chumba chako iko wapi hapa?" Tukapima kwa futi. Udongo wa nje ulikuwa juu ya sakafu yangu kwa inchi 9!

Miaka yote hiyo, kila mvua ikinyesha watu wanamwaga kifusi kichochoroni wasikanyage tope. Kichochoro kinapanda, nyumba inabaki pale pale. Kama vile haitoshi, bomba la maji ya bafuni lilikuwa limekatika chini ya udongo. Kila tukioga, vyumba sita vyote, tunaunywesha msingi wa chumba changu.

"Binti, koroboi unaijua?" mzee akaniuliza. "Mafuta yako chini, moto uko juu. Nani anayapandisha?" Utambi. Basi tofali nalo ni utambi. Lina vitundu vidogo visivyoonekana, maji yanapanda humo yenyewe, yanaweza kufika hata mita moja hivi kutoka chini. Yakifika kwenye hewa yanakauka, chumvi iliyokuja nayo inabaki, inajijenga na kuisukuma rangi mpaka inavimba. Tulifundishwa hayo kwenye Fizikia nami nikapata D, sasa naona kwa nini mwalimu alikuwa anagonga meza. Ukiziba kwa simenti nzito maji hayaombi radhi, yanatafuta pengine pa kutokea.

Dawa ya utambi ni kuukata. Msingi ukishamalizika, kabla hujapandisha ukuta, unalaza safu isiyopitisha maji, nailoni nene au lami, bila kuacha pengo. Mafundi wanaiita dipisii. Inatakiwa iwe angalau inchi 6 juu ya ardhi ya nje. Nyumba yetu haikuwa nayo kabisa, lakini hata kama yako inayo, ukijaza kifusi mpaka kikaipita umejengea maji daraja.

Mzee akataka kipande cha nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo tukavua majalada ya madaftari ya mdogo wangu. Kimoja tukakibandika chini ya dirisha, kingine nyuma ya kabati, pande zote nne kwa utepe wa gundi, tukaviacha siku mbili. Kile cha dirishani kililowa kwa nyuma, maana yake maji yanatoka ukutani. Kile cha nyuma ya kabati nyuma kikavu, mbele kimelowa!

Hapo nikaona aibu. Maji ya mbele yanatoka kwetu wenyewe. Sisi ndio tuliokuwa tunapika maharage ndani mvua ikinyesha, tunaanika sare za shule kwenye kamba juu ya kitanda, halafu usiku tunafunga dirisha na kuziba nafasi zote kwa khanga tusiingiwe na mbu. Pumzi za watu wawili na mvuke wa sufuria vinakwenda kutua kwenye ukuta wa baridi, nyuma ya kabati ambako upepo haufiki. Ukungu unataka nini tena? Na wewe unayelala na jiko la mkaa ndani, acha leo. Hewa yake inaua mtu usingizini, hata ukuta wako ukiwa mkavu.

Kasheshe ikabaki kwa mama mwenye nyumba. Ni mjane, anakaa chumba cha mbele, kodi zetu ndiyo kila kitu chake. Shikamoo mama. "Marahaba. Umekuja na habari za ukuta tena?" Nikamweleza. Akanuna. "Nyumba hii nimelelea watoto watano, hakufa mtu." Nikajua nimemgusa pabaya, nikabadili gia. Nikamuuliza habari za mitaro ya Hananasif. Uso ukafunguka! Kumbe mwaka 1994, mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani ulipoanza hapa mtaani, wakazi ndio waliofanya kazi ya kuchimba na kujenga mitaro ya mvua, na yeye alikuwepo, na kilemba kichwani na jembe mkononi. "Kabla ya hapo," akasema, "mvua ikinyesha tunapanda na watoto juu ya meza." Mwanamke aliyechimba mtaro wa mtaa mzima atashindwaje kichochoro? Tukakubaliana: wapangaji tutoe nguvu, yeye anunue bomba na kokoto, nami anipunguzie kodi ya mwezi mmoja. Ungemwendea na kelele za haki ya mpangaji ungetoka na notisi.

Tukachimba Jumamosi mbili za Septemba. Vyumba sita, waliotokea watu wanne, na mmoja alikuja kupiga picha. Tukashusha udongo wa kichochoro mpaka futi moja chini ya sakafu yangu, tukaulaza mteremko uyapeleke maji mbali na ukuta, tukamwaga kokoto kando ya msingi, tukabadili bomba la bafuni likaingia kwenye chemba. Mzee alisimama na fimbo kama mwalimu wa gwaride, akitukataza jambo moja tu: msichimbe kufikia chini ya msingi wenyewe. Wapo walioondoa unyevu namna hiyo wakaondoa na ukuta.

Ndani, ile lipu ya 45,000 tukaibandua yote pamoja na ile ya zamani iliyolowa, mpaka futi moja juu ya alama ya unyevu, maana lipu iliyokwisha kula chumvi inavuta unyevu hata wa hewani. Chumvi tukaipiga brashi kavu na kuifagia nje. Usiioshe, ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani. Madoa meusi nikayafuta kwa jiki iliyochanganywa na maji, pua na mdomo nimefunga kitambaa, dirisha wazi, mdogo wangu nimempeleka kwa jirani. Na jiki usije ukaichanganya na dawa ya kusafishia choo, utatolewa umebebwa.

Nikauliza, lini tupige lipu? Mzee akacheka. "Inchi moja ya ukuta, mwezi mmoja." Tofali letu ni la inchi 6. Nusu mwaka nakaa na ukuta uchi! Wageni wangu walikuwa wanauangalia halafu wananiangalia mimi. Kitanda tukakihamishia upande wa korido, kabati tukalisogeza mbele kiganja kizima, sare zikaanikwa uani, jiko likahamia barazani, na asubuhi dirisha linafunguliwa kabla hatujapiga mswaki.

Nyie wa Chanika sasa. Najua mnaota jipsamu na taa za kuzunguka dari. Dada yenu anawaomba mkague vitu ambavyo mgeni hatavisifia. Inua sakafu juu ya ardhi. Chini ya jamvi la zege laza nailoni nzito, ipande mpaka ikutane na dipisii ya ukutani. Mchanga wa pwani ukataeni hata mkipewa bure, ile chumvi inaingia kwenye lipu na haitoki. Wekeni gata, kwa sababu maji ya bati yakidondoka miaka kumi mahali pamoja yanachimba na kurukia ukuta. Karo likae mteremkoni, na kama kuna kisima, mita 30 si nyingi. Fundi akikwambia "dipisii ya nini, huku kukavu", muulize amepaona wakati wa masika au kiangazi. Na ukinunua nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, kama zile za Zanzibar, usiikimbizie simenti. Wazee walipiga lipu ya chokaa, ukuta ukilowa unapumua na kukauka. Ukiivika simenti unaifungia maji ndani.

Nirudi kwangu. Siku tulipomaliza kuchimba, mdogo wangu alichora mstari kwa penseli pale unyevu ulipoishia, akaandika tarehe. Kila mwisho wa mwezi anachora mwingine. Septemba ulikuwa kiunoni. Desemba ulikuwa umeshuka kidogo juu ya goti, nami nikampigia bi mkubwa, nikaomba mpaka Aprili. Alinyamaza muda mrefu, salio langu linakatika, halafu akasema atakuja kuona mwenyewe.

Akaja kweli, Aprili 2025, mvua inapiga, kashika ndoo ya samaki wa kukausha. Hakuuliza hata habari zetu. Akaweka kiganja ukutani, akakinusa, akaisoma ile mistari ya penseli mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa kwenye kifundo cha mguu. Nikamweleza ukweli, pumu haijaisha, bado inamshika mara moja kwa mwezi au mbili, lakini si kila usiku. Akasema, "Haya, tutaona usiku."

Tukalala watatu kitanda kimoja, yeye katikati. Saa tisa nikazinduka kwa mazoea. Mvua inanyesha, mdogo wangu kalala kifudifudi, kimya. Bi mkubwa macho yako wazi, ameelekeza sikio kwake. Hatukusemeshana.

Asubuhi alizunguka nyuma ya nyumba amejifunika khanga, akarudi ametapakaa tope mpaka magotini.

"Na upande ule wa choo," akasema, "mbona hamjachimba?"