Yake Kavu, Yangu Tamu

Miaka miwili ya uchumba nilikunywa waini kavu huku nikitabasamu. Mchumba wangu anaipenda; mimi nilikuwa nameza kama dawa. Niliogopa kuonekana mshamba!

Jioni moja alikuja kwangu Sombetini na chupa mbili za waini nyeupe ya Dodoma, zote za zabibu aina ya Chenin Blanc. Moja kavu, moja tamu. "Onja, halafu niambie ukweli."

Ile tamu nilimaliza glasi.

Mwenzenu nilidhani imetiwa sukari tu. Kumbe! Kwa waini nyeupe, zabibu hukamuliwa na maganda kuondolewa mapema, kisha hamira hula sukari ya juisi na kuigeuza kileo. Ikiachwa imalize kazi, unapata kavu. Ikikatizwa njiani, kwa kupozwa sana kwa mfano, sukari iliyobaki ndiyo utamu wenyewe. Na ikilazwa kwenye mapipa ya mwaloni, kama Chardonnay nyingi, inakuwa nzito mdomoni na kunukia vanila.

Kwa hiyo tamu si ushamba. Zabibu ni ileile, ila mtengenezaji alisema "basi" mapema.

Nikamwambia ukweli. Hakuumizwa na ladha yangu. Aliumizwa na ile miaka miwili. "Kuna mengine unayameza hivyo?" Yalikuwepo. Tuliongea hadi saa nane usiku.

Leo tumeoana, na friji yetu ina chupa mbili. Na wewe msomaji, unameza nini ili kumpendeza mwenzio?