Mlango umevuka mto

Katika komuni ya Mangobo, mjini Kisangani, kuna familia iliyokimbia Lubunga mwaka 2023, wakati wa mapigano kati ya Wambole na Walengola. Baba, mama na watoto wanne wamepanga chumba kimoja na saloni. Walipoingia, mvua ilikuwa inapita sehemu tatu, dirisha limezibwa na katoni, na mlango ni kipande cha bati ambacho mtoto angeweza kukikunja. Ndiyo sababu kodi ilikuwa chini.

Baba ni fundi wa kujenga, lakini fundi bila feza ya saruji afanye nini? Hali ilipotulia kidogo alipanda mtumbwi, akaenda kuona parseli yake ng'ambo. Nyumba ilikuwa imeungua. Mabati yaliyopita motoni aliyaacha palepale, maana zinki ikishaungua, kutu inakula bati upesi. Jiko tu, lililojengwa kando, ndilo lilipona. Humo alipata mabati manne mazima, matofali ya kuchoma, na mlango wa mbao ya lifaki ambao mama aliununua kwa feza ya likelemba. Mlango huo ulikuwa haujafungwa bado. Ulikuwa unangoja nyumba imalizike.

Matofali yalijengwa kwa udongo, hivyo yaliachana bila kuvunjika. Watoto waliyakwangua, baba akainua kizingiti ili maji ya uwanjani yasiingie. Misumari ya zamani waliinyoosha juu ya jiwe. Kwa dirisha, seremala wa jirani aliwapa vipande alivyokuwa anauza kama kuni. Vilipakwa mafuta ya vidanji sababu ya mchwa, vikaachwa nje siku kadhaa mpaka harufu iishe. Watu wengi wanasahau hiyo, halafu watoto wanalala katika moshi usioonekana.

Mlango wenyewe ulivuka ukiwa umelazwa juu ya mtumbwi. Ng'ambo ya huku ulifungwa kwenye toleka. Mwenye baiskeli hakuweza kupanda, alisukuma kwa miguu mpaka Mangobo.

Hapo mama akakataa usifungwe. Katika parseli ileile, jirani mmoja alikuwa ametengeneza chumba kwa feza yake. Kilipopendeza, kodi ikapanda, akahama akaacha kila kitu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi 3, na hiyo walikuwa wamelipa. Lakini garanti ni jambo moja, mlango ni jambo lingine. Mama alitaka karatasi.

Iliandikwa mbele ya shefu wa kartie: kazi ya bati na dirisha itatolewa kwenye kodi; mlango ni wa familia, siku ya kuhama wataondoka nao. Mwenye nyumba alicheka, akauliza nani anahama na mlango. Akatia sahihi.

Bawaba zimefungwa kwa visi, si kwa misumari. Tena mlango ulikuwa mpana kuliko nafasi yake, na seremala alikuwa tayari ameshika msumeno.

"Hapana, papa," mama alimwambia. "Usiukate. Hicho ni kipimo cha Lubunga."

Basi umefungwa kwa nje, unafunika ukuta kidogo kila upande.