Urefu wa Wimbi na Bei ya Jiwe

Wapo wanaoamini kwamba maabara haina siasa. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo ninavyozidi kuitilia shaka imani hiyo. Nitatoa mfano mmoja: kinachotokea metali inapopigwa na leza.

Mwanga wa leza ukikusanywa mahali padogo, hata kwa sehemu chache tu za bilioni ya sekunde, uso wa metali huyeyuka, hugeuka mvuke, kisha atomi hupokonywa elektroni zake. Kinachobaki ni plazima, yaani gesi ya ioni na elektroni huru. Ajabu ni kwamba plazima hiyo humzuia mzazi wake. Elektroni zikisongamana kupita kiwango fulani, mwanga haupenyi tena. Kiwango chenyewe hutegemea urefu wa wimbi: ukiurefusha mara 10, mwanga hukwama penye msongamano mdogo zaidi mara 100. Kwa hiyo wimbi fupi hufika karibu na metali na kuichimba zaidi, ilhali wimbi refu humaliza nguvu zake likiipasha moto plazima iliyotangulia mbele.

Lipi bora? Inategemea unatafuta nini. Huko Livermore, Marekani, leza iliyoitwa Shiva ilitumia wimbi la nanomita zipatazo 1060, na elektroni zilizopata joto la kupindukia zikavuruga jaribio la kuunganisha viini vya haidrojeni. Warithi wake wakalifupisha wimbi hadi nanomita 351. Miale hiyo, ikipiga kuta za ndani za silinda ndogo ya dhahabu, huzaa eksirei zinazokibana kidonge cha fueli. Mnamo Desemba 2022 megajuli 2.05 za leza zilizalisha megajuli 3.15. Kampuni ya ASML ya Uholanzi ilifuata njia ya kinyume: leza ya kaboni dioksaidi, yenye wimbi la nanomita 10,600, hupiga matone 50,000 ya bati kila sekunde. Plazima ya bati hutoa mwanga wa nanomita 13.5, na kwa mwanga huo huchorwa saketi za chipu za kisasa kabisa.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Tangu 2019 serikali ya Uholanzi haijairuhusu mitambo hiyo kuuzwa China. Mataifa makubwa yanagombania mwanga wa bati, na sehemu ya bati la dunia huchimbwa mashariki ya Kongo, na watu wengine wakichimba kwa sululu na mikono. Sisi tumo katika habari hii, ila tumo kama wabeba mawe.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha kugawa fedha za utafiti. Mwanafunzi wangu aliomba kifaa cha leza cha kupimia mawe, kwa kuwa plazima ya kila metali hung'aa kwa rangi zake yenyewe, na anayezisoma rangi hizo hujua jiwe lina nini. Afisa mmoja akauliza, "Mwananchi atafaidikaje?"

Swali lile lilikuwa halali. Kodi ni jasho la watu. Jibu langu lilikuwa hili: asiyeweza kulipima jiwe lake huliuza kwa bei ya mnunuzi. Wajumbe walitikisa vichwa kwa heshima, kisha ombi likaahirishwa hadi hali ya fedha itakapotengemaa. Kijana yule sasa anauza vifaa vya simu, na sina neno la kumlaumu. Lakini mawe ya sayari ya Mars yamekuwa yakipimwa kwa leza ya namna hiyo tangu 2012, ilhali ya kwetu yanasafirishwa ng'ambo ili tukaambiwe na wengine thamani yake.

Ndugu zangu watumishi wa umma, endeleeni kuuliza faida, lakini msiikadirie kwa mwaka mmoja wa bajeti. Wanaharakati, mnapodai haki ya wachimbaji, dai pia maabara iliyo karibu na mgodi. Nanyi wanafunzi, msione haya kutumia miaka kuchunguza tofauti ya wimbi moja na jingine. Katika tofauti hiyo kuna utajiri wa mataifa, na atakayeielewa ndiye atakayeketi mezani siku ya kupanga bei.