Ila Iliyo Chini ya Rundo



Juma hili hatukukusudia kuandika habari za gitaa. Lakini nyumbani kwetu hapa Garissa pametokea jambo lililotufunza, na mtu akifunzwa kisha akanyamaza huwa amewanyima jirani zake.

Kijana wetu wa tatu alipomaliza kidato cha nne alipata kibarua cha kupakua mizigo katika duka moja la jumla. Alipakua kwa miezi minne, katika jua ambalo wakaazi wa mji huu mnalijua, akaweka akiba. Siku moja baada ya Isha akatujia, akasema anataka kununua gitaa. Tulimjibu kwa maneno matatu: hatutaki kusikia hayo. Wasomaji wetu wanajua kwamba wanazuoni wamekhitalifiana katika ala za muziki, na kwamba madhehebu yetu ya Shafi yamekaza sana katika zile za nyuzi. Hatuirejei mas'ala hiyo hapa, na rai yetu haijabadilika. Jirani yetu, mzee wa Kisomali, aliposikia alicheka kwa upole, akatukumbusha kwamba Abdullahi Qarshe, aliyewafunza Wasomali kuimba kwa kaban, yaani udi, alizaliwa Moshi, mji wa Waswahili wenzetu. Nasi hatukucheka.

Kijana hakubishana nasi. Alinunua peke yake. Aliliona gitaa katika soko la mtandaoni, muuzaji yuko Mombasa, bei shilingi 8,500. Picha zilikuwa tatu, zote za mbele, nyuzi zinameta kama fedha. Maelezo yalikuwa mafupi: halina tatizo lolote. Akatuma pesa zote kwa simu kabla ya kulitia mkono, na gitaa likaja kwa basi kupitia Garsen na Hola, limefungwa katika gunia. Wahenga walituonya tusinunue mbuzi kwenye gunia, na huyu mbuzi alinunuliwa hata kabla ya gunia kufika.

Sisi tuliligundua baada ya majuma matatu, chini ya kitanda, katika chumba cha mabati. Tulipolitoa tuliona kwamba halikuwa zima. Tukamwuliza, "Mbona hukusema?"

Akatazama chini. "Baba, nilijua utaniambia nimejitakia mwenyewe."

Tulikaa kimya, kwa sababu hayo ndiyo maneno tuliyokuwa tumeyatayarisha.

Asubuhi tulilichukua gitaa pamoja, tukaenda kwa fundi seremala aliyetutengenezea milango ya madrasa. Fundi huyu hapigi ala yoyote, lakini mbao anazijua. Kwanza alilishika kama anavyoshika ubao anaoupima unyoofu: akalielekeza kichwa jichoni, akafumba jicho moja, akatazama shingo yote mpaka tumboni. Shingo ilikuwa imepinda mbele kama upinde. Kisha akatazama nafasi iliyopo kati ya nyuzi na kile kipande cha kumi na mbili cha chuma kilicholazwa shingoni. Katika gitaa lenye nyuzi za chuma nafasi hiyo huwa milimita mbili au tatu. Hapa kidole kizima kilipita. Ndiyo maana vidole vya kijana vilikuwa na malengelenge, naye akidhani kosa ni lake.

Fundi akachukua karatasi nyembamba, akaipitisha chini ya daraja, yaani kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi tumboni. Karatasi ikaingia nusu nzima. Gundi ilikuwa imeachia. Akaligonga tumbo kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, akisikiliza. Mahali pamoja palijibu kwa mlio wa kukwaruza, ishara kwamba moja ya mbao za ndani zinazoutegemeza uso imebanduka. Mwisho akatumia kioo kidogo na tochi ya simu kuchungulia katika tundu. Ndani kulikuwa na ufa mrefu, umezibwa kwa gundi iliyokwisha kuwa ya manjano.

"Sheikh," akasema, "huu ufa si wa jana. Aliyeuziba alijua upo."

Baadaye tuliuliza kwa wenye ujuzi, tukaelewa sababu. Gitaa lile lilijengwa kwa nyuzi za nailoni. Mtu akalitia nyuzi za chuma ambazo mvuto wake ni karibu mara mbili, na uso wa mbao nyembamba ukavimba na kupasuka. Kisha likaja kutoka hewa ya pwani yenye unyevu hadi kwenye ukavu wetu. Mbao hunywa maji ya hewani na kuyatoa. Gitaa hupendelea unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na likikaukiwa hunywea na kupasuka. Joto la mabati nalo hulainisha gundi. Basi ila nyingine lilikuja nazo, na nyingine zilizidi chini ya paa letu.

Hapo ndipo elimu yetu ya sheria ilipotusuta. Mnunuzi akigundua ila ya zamani aliyofichwa, ana khiyari ya kuirejesha bidhaa na kudai pesa zake. Lakini katika madhehebu yetu khiyari hii ni ya papo hapo: mwenye kujua ila kisha akakawia bila udhuru, haki yake huanguka. Na bidhaa ikipata ila mpya mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji kuipokea. Hubaki na dai la tofauti ya thamani. Kijana wetu alijua siku ya kwanza kwamba ameghushiwa. Alikaa majuma matatu, na joto likafanya kazi yake. Alikaa kwa kutuogopa sisi. Tumefundisha mlango wa mauziano kwa miaka mingi kwa watoto wa watu, na mtoto wetu akakosa wa kumwuliza.

Tulimpigia muuzaji. Alisema pesa zikishatumwa biashara imekwisha, akakata simu. Hakupokea tena.

Lau kisa kingeishia hapo, tusingekiandika. Siku chache baadaye tulimkuta kijana uani, amelipangusa gitaa kwa mafuta mpaka linang'aa, amelibana daraja kwa gundi, analipiga picha. Picha tatu, zote za mbele. Maelezo alikuwa amekwisha kuyaandika: halina tatizo lolote. Bei 8,000.

Tuliketi naye juu ya jamvi. Hatukumkaripia. Tulimkumbusha kisa anachokijua tangu darasa la pili la madrasa: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye rundo akasema ni mvua iliyonyesha. Akaulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu wakaiona.

Kijana akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Lakini mimi sikulilowesha, Baba. Nimeuziwa hivi."

"Ni kweli," tukamwambia, "na yule wa Mombasa huenda naye aliuziwa hivyo. Atakayelipokea kwako atakuwa kijana kama wewe, mwenye malengelenge kama yako."

Alifuta maelezo. Tukayaandika upya pamoja, naye akishika simu, sisi tukitaja: shingo imepinda, daraja limeachia na kugundishwa, ufa ndani uliozibwa, lilikuwa la nyuzi za nailoni. Akapiga picha mchana, ubavuni, nyuma, na ndani ya tundu kwa kile kioo cha fundi. Bei ikashuka mpaka 3,000. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tumeona kwamba kibaya kilichosemwa ukweli nacho hupata mwenyewe: alikuja kijana kutoka Madogo, ng'ambo ya daraja la Tana, anayejifunza useremala. Alilitazama kwa nusu saa, akalipa, akaondoka akifurahi, kwa kuwa alijua alichonunua.

Kwa hiyo, enyi vijana mnaonunua vitu vilivyotumika kwa simu, gitaa au cherehani, omba picha za mchana za pande zote na za ndani. Omba video ya kitu kikifanya kazi. Gitaa lipigwe kila uzi, kila hatua ya shingo, usikilize panapokwaruza. Uliza wazi, "Kimewahi kuvunjika au kugundishwa?" na jibu lihifadhi kwa maandishi. Usilipe mpaka umekitia mkono, au umpate mtu wa kukutazamia. Kikifika, kikague siku hiyo hiyo, na ila ukiiona, sema siku hiyo hiyo.

Na sisi wazazi tujiulize: mtoto wetu akighushiwa, ataanzia wapi kusema? Kumkataza jambo ni haki yetu. Kumfungia mlango wa kurudi nyumbani na hasara yake ni jambo jingine, na hilo tulilifanya.

Juzi baada ya Maghribi kijana alituuliza, "Baba, nikipata pesa za kununua jingine, utakwenda nami?"

Tulifikiri. Rai yetu katika nyuzi haijabadilika, naye anaijua.

"Tutakwenda," tukamjibu, "kutazama mbao."

Wabillahi tawfiq.